Herufi Kumi na Moja za Dengu

Jioni ikiingia Butimba, sato aliyevuliwa alfajiri huchanjwa ubavuni, hupakwa chumvi na kutumbukizwa kwenye karai la mafuta. Samaki ni wa hapa, wa Ziwa Victoria. Mafuta ndiyo mgeni. Mara nyingi ni mawese yaliyokamuliwa Malaysia au Indonesia, yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha yakasafiri kwa lori zaidi ya kilomita elfu moja kufika Mwanza. Kwa kuwa ni ghali, mama anayekaanga hayamwagi. Kesho yake huongeza mapya juu ya mabaki ya jana, na keshokutwa tena, mpaka yanakuwa meusi na kuanza kunuka.

Takwimu ambazo serikali ilikuwa ikizitaja kuelekea mwaka 2021 zilionyesha kwamba Tanzania inahitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na inazalisha tani 205,000 tu. Katika kila vijiko vitatu vinavyomiminwa kwenye sufuria, karibu viwili vimenunuliwa nje. Mwaka huohuo wa 2021, Singida, Dodoma na Simiyu ziliteuliwa kuwa mikoa ya kimkakati ya alizeti. Simiyu ni jirani wa Mwanza. Huko na huku ni Usukumani, kwenye ardhi ya pamba, dengu na choroko.

Mhadhara huu unahusu mbegu za mazao hayo, na chombo kipya ambacho wanasayansi wamekipata cha kuzirekebisha kutoka ndani: uhariri wa jeni. Jambo unaloshikilia ni hili. Chombo chenyewe ni kizuri na kinafaa kushikwa na Watanzania, ila thamani yake kwa Kanda ya Ziwa itategemea ni nani anayechagua herufi ya kukata. Akichagua mtu asiyeijua mbuga ya Kwimba wala karai la Butimba, atakata vizuri kabisa mahali pasipo na haja.

Jenomu ya mmea ni maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli yake. Jenomu ya dengu ilisomwa na kuchapishwa mwaka 2013, kazi iliyoongozwa na kituo cha utafiti wa mazao cha ICRISAT, India, pamoja na washirika wake. Ina herufi zipatazo milioni 738 na jeni zipatazo 28,000. Wanachuo wa ualimu wa Butimba wanaweza kulipima jambo hilo kwa maktaba. Ukurasa mmoja ukibeba herufi 2,000, na kitabu kikiwa na kurasa 300, maandishi ya punje moja ya dengu yatajaza vitabu 1,230. Kuhariri jeni ni kuingia katika maktaba hiyo, kufungua kitabu kimoja, ukurasa mmoja, na kufuta au kubadili herufi chache katika neno moja.

Mkasi wenyewe haukubuniwa na mtu. Bakteria walikuwa nao tangu zamani kama kinga dhidi ya virusi. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni iliyokuwa ikitengeneza bakteria wa kugandisha mtindi walionyesha kwamba vijidudu hao huhifadhi vipande vya maandishi ya virusi waliowahi kuwashambulia, na kwa vipande hivyo humtambua adui akirudi. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha jinsi kinga hiyo inavyoweza kuelekezwa popote mtafiti anapotaka. Kipande kifupi cha RNA, molekuli inayobeba maandishi kama ya jenomu, chenye herufi zipatazo 20 hutafuta mahali panapolingana nacho, na kimeng'enya kiitwacho Cas9 hukata hapo. Seli hukimbilia kuunga palipokatwa, na katika haraka yake mara nyingi hudondosha au huongeza herufi moja au mbili. Neno likiharibika, jeni hunyamaza. Kwa kazi hiyo, ambayo dunia inaijua kwa jina la CRISPR, wanawake hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020.

Hapa pana tofauti ambayo mijadala mingi ya Kiswahili huipita haraka mno. Zao la GMO la kawaida, kama kunde za Nigeria zilizoruhusiwa kulimwa mwaka 2019, limewekewa jeni kutoka kwa kiumbe kingine. Kwa kunde hizo, jeni imetoka kwa bakteria wa udongoni na inaua viwavi wanaotoboa maua na maganda. Zao lililohaririwa kwa njia sahili haliongezewi chochote cha kudumu. Mara nyingi mkasi huingizwa kwanza ukiwa jeni ngeni. Ukishamaliza kazi, mimea hupandishwa, na katika vizazi vinavyofuata watafiti huwachagua wajukuu walioirithi alama ya mkato bila kuurithi mkasi. Mjukuu huyo hana tofauti na mmea uliopoteza herufi zilezile kwa ajali ya maumbile, na ajali za namna hiyo hutokea katika kila shamba, kila msimu.

Turudi kwenye karai. Mafuta ya alizeti na ya soya ya kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi. Asidi hiyo ina viungo maradufu viwili katika mnyororo wake wa kaboni, na mahali hapo ndipo oksijeni inapopenda kushika mafuta yakipata moto. Asidi ya oleiki ina kiungo maradufu kimoja tu, kwa hiyo huvumilia kukaangiwa mara nyingi zaidi bila kuharibika. Ndani ya mbegu, jeni iitwayo FAD2 ndiyo yenye kazi ya kugeuza oleiki kuwa linoleiki. Ikinyamazishwa, kazi huishia njiani na mbegu hujaa oleiki. Kampuni ya Calyxt ya Minnesota, Marekani, ilifanya hivyo kwa soya, ikitumia mkasi wa kizazi cha kabla ya CRISPR uitwao TALEN. Ilikata jeni mbili za ukoo wa FAD2, ikapata mafuta yenye oleiki ya takriban asilimia 80. Mwaka 2019 mafuta hayo yakawa chakula cha kwanza cha zao lililohaririwa jeni kuuzwa Marekani.

Habari hiyo huwavutia wengi, na wengine huishia hapo. Lakini miaka 43 kabla yake, mwaka 1976, Urusi ya Kisovieti ilikuwa imeshatoa alizeti iitwayo Pervenets. Mtafiti K. I. Soldatov, huko Krasnodar, alilowesha mbegu kwenye kemikali inayovuruga maandishi ya urithi, kisha akapima mafuta ya mmea mmoja baada ya mwingine mpaka akapata wenye oleiki ya karibu robo tatu. Alizeti za oleiki nyingi zinazolimwa duniani leo zinatokana kwa sehemu kubwa na kazi hiyo. Karanga za namna hiyo zilipatikana Florida katika miaka ya 1980 bila hata kemikali, kwa kuchunguza tu mimea iliyokuwepo.

Maana yake kwa Simiyu ni ya wazi. Anayetaka alizeti itoe mafuta yanayovumilia moto wa karai la Butimba hahitaji mkasi. Anahitaji kupandisha alizeti hizo za oleiki nyingi na zile zinazostahimili jua la Meatu na Maswa, kazi ya misimu kadhaa kwa mtafiti mvumilivu mwenye shamba la majaribio na kipimo cha mafuta. Alizeti, tena, ni miongoni mwa mimea migumu sana kukuzwa upya kutoka kwenye kipande cha tishu, hatua ambayo uhariri karibu wote huipitia. Kutumia mkasi hapo ni kuiendea njia ndefu huku ya mkato ikiwa wazi. Na hata Calyxt, pamoja na sifa ya kuwa wa kwanza, haikupata faida iliyoitarajia kwa soya yake. Mwaka 2023 iliungana na kampuni nyingine, Cibus.

Ni mahali gani basi mkasi unahitajika? Barabara ya kusini kutoka Butimba hupita Nyegezi na Mkolani mpaka Usagara, na mbele kidogo, katika wilaya ya Misungwi, ipo Ukiriguru. Kituo hicho cha utafiti, ambacho leo ni sehemu ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kimeshughulika na pamba tangu enzi ya ukoloni. Kila mkulima wa pamba wa kanda hii ameshika kazi yake mkononi, hata kama jina la kituo halijui. Herufi UK katika mbegu ya UK91, iliyotawala mashamba kwa miaka mingi, na UKM08 iliyoifuata, zinatokana na jina Ukiriguru. Watafiti wa zamani wa hapo walifanya jambo la akili sana dhidi ya chawajani, mdudu mdogo anayefyonza majani ya pamba. Walichagua mimea yenye majani yenye manyoya, mdudu akakosa pa kutua vizuri. Hapakuwa na dawa wala maabara kubwa, ila macho ya watu waliokaa shambani.

Pamba watu huihesabu kwa nyuzi na marobota, lakini ni zao la mafuta vilevile. Kila kilo moja ya nyuzi huacha nyuma zaidi ya kilo moja na nusu ya mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta, na yanayobaki ni mashudu yenye protini nyingi. Mfugaji wa ng'ombe wa Usukumani anayajua mashudu na anayategemea kiangazi. Mfugaji wa kuku anayajua pia, ila huyaogopa, na ana sababu.

Mtoto aliyewahi kuchuma pamba ameona vidoa vyeusi vidogo kwenye majani na kwenye ganda la tunda. Ni vitezi, na ndani yake mna gosipoli, sumu ambayo mmea hujilindia dhidi ya wadudu. Ng'ombe mkubwa, mwenye tumbo la kucheua, huidhoofisha sumu hiyo. Kuku, nguruwe, samaki na binadamu hawawezi. Katika baadhi ya vijiji vya China, katikati ya karne iliyopita, watu waliokula mafuta ghafi ya mbegu za pamba walikosa kupata watoto. Madaktari walipogundua chanzo, gosipoli ikajaribiwa katika miaka ya 1970 kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume, kisha ikaachwa kwa sababu ilishusha potasiamu mwilini na wengine hawakurudiwa na uwezo wa kuzaa. Usafishaji wa kiwandani huiondoa gosipoli kwenye mafuta, kwa hiyo mafuta yaliyosafishwa ipasavyo hayana tatizo hilo. Mashudu ndiyo yanayobaki nayo.

Sasa tazama ziwa. Vizimba vya sato vimeongezeka ufukweni kutoka Mwanza hadi Kisumu, na gharama kubwa ya mfugaji wa samaki ni chakula, hasa protini. Dagaa wanaosagwa kuwa chakula cha kuku na samaki ni walewale ambao familia zingewala. Upande mmoja wa barabara kuna protini ya pamba isiyolika, na upande wa pili kuna samaki wenye njaa ya protini. Ni vigumu kutaja tatizo lingine la kisayansi linaloigusa Mwanza pande mbili kwa wakati mmoja namna hiyo.

Wamarekani walilijaribu mapema. Katika miaka ya 1950 walipata pamba isiyo na vitezi kabisa, wakafurahi, wakaipanda. Wadudu nao wakafurahi, kwa sababu mmea mzima ulikuwa umevuliwa silaha, na kilimo chake hakikushika. Keerti Rathore wa Chuo Kikuu cha Texas A&M aliifanya kazi hiyo upya kwa zaidi ya miaka 20, akitafuta namna ya kuinyamazisha gosipoli ndani ya mbegu peke yake huku majani yakibaki na kinga yao. Alifaulu. Pamba yake iliruhusiwa kulimwa Marekani mwaka 2018, na mwaka 2019 mbegu zake zikaruhusiwa kuliwa na binadamu na mifugo. Ila njia aliyotumia si uhariri. Ni kuuongezea mmea maandishi ya kunyamazisha, kwa hiyo kisheria ni GMO. CRISPR nayo imetumika kwenye pamba, na inapoikata jeni inayoongoza utengenezaji wa vitezi, matokeo yake ni pamba ileile ya miaka ya 1950, isiyo na vitezi popote. Kazi iliyobaki ni kupata mkato unaofanya kazi mbeguni tu, kwa kugusa maandishi yanayoiamuru jeni iamke wapi na lini badala ya kuiharibu jeni yenyewe. Hilo ni swali gumu, na linastahili kijana mmoja wa Usukumani alipe miaka kumi ya maisha yake.

Dengu ina habari nyingine, yenye matumaini ya karibu zaidi. Msomaji wa Kenya aelewe kwamba dengu inayosemwa hapa si ile ndengu yake ya kijani, ambayo Tanzania huitwa choroko. Ni punje kubwa yenye kichongo, inayopandwa Kwimba, Misungwi, Magu, Kishapu na kwingineko penye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka ukikauka. Mkulima huitupa ardhini masika yakielekea ukingoni, mara nyingi baada ya zao jingine kutoka. Tangu hapo mvua si ya kutegemewa tena. Mmea huishi kwa unyevu uliobaki ndani ya mfinyanzi, na kila siku unyevu huo unashuka chini zaidi. Ni mbio kati ya ua na ukame.

Mwaka 2011 Ukiriguru, ikishirikiana na ICRISAT, ilitoa mbegu bora za dengu ambazo mbili kati yake zilipewa jina la mji huu, Mwanza 1 na Mwanza 2, na nyingine ikaitwa Ukiriguru 1. Zote zilitokana na uchaguzi na upandishaji wa kawaida. Katika hazina ya ICRISAT kule India ipo pia dengu iitwayo ICCV 96029, inayochanua mapema kupita karibu dengu zote zinazojulikana. Mwaka 2017 watafiti walieleza sababu. Katika jeni iitwayo ELF3, inayouambia mmea urefu wa siku na wakati wa kuchanua, dengu hiyo imepoteza herufi kumi na moja.

Kumi na moja tu, katika vitabu 1,230. Hakuna aliyezikata kwa makusudi. Maumbile yenyewe yalizidondosha.

Mtafiti wa Ukiriguru anayetaka kuipa Mwanza 1 uharaka huo ana njia mbili. Ya kwanza ni kuipandisha na ICCV 96029, kisha kuirudisha kwa Mwanza 1 kizazi baada ya kizazi, kwa sababu pamoja na herufi zile anazozitaka atapata maelfu ya tabia asizozitaka: ukubwa wa punje, rangi, udhaifu kwa mnyauko. Kuzisafisha huchukua miaka. Ya pili ni kwenda moja kwa moja kwenye jeni hiyo ndani ya Mwanza 1 na kukata pale. Kila kitu kingine kibaki kama mkulima anavyokijua na mnunuzi anavyokidai. Kwa zao la biashara, ambalo bei hutegemea sura ya punje gunia linapofunguliwa, kubaki huko ni jambo kubwa.

Njia ya kwanza isidharauliwe. Mwaka 2019 Ethiopia iliidhinisha dengu iitwayo Geletu, iliyopatikana kwa kuhamisha kipande cha jenomu kinachohusika na uvumilivu wa ukame kutoka dengu moja kwenda nyingine kwa kupandisha, huku alama za vinasaba zikitumika kuchungulia ni mche gani umekirithi. Kipande hicho kina jeni nyingi zinazofanya kazi pamoja, na mkasi hauna uwezo wa kuyaiga mambo ya namna hiyo kwa mkato mmoja. Kwa hiyo mtafiti mwenye busara huuliza kwanza tabia anayoitaka imeandikwa vipi. Ikiwa ni neno moja, mkasi unafaa. Ikiwa ni sura nzima, apandishe.

Upo pia mpaka wa wazi. Funza wa vitumba anayetoboa pamba ndiye huyohuyo anayetoboa maganda ya dengu, na kwa msimu mbaya huhama kutoka shamba moja hadi jingine kama mgeni anayejua nyumba zote. Dengu haina kinga ya nguvu dhidi yake katika maandishi yake yenyewe. Kukata hakuzalishi kisichokuwepo. Anayewaahidi wakulima wa Magu kwamba uhariri wa jeni utawaondolea funza anawaahidi kitu ambacho chombo hiki hakijakionyesha.

Tena, kuwahi kuchanua si heri kila mahali. Mbuga nzito ya bondeni hushika unyevu kuliko ardhi ya mwinuko yenye mchanga, ile Wasukuma waiitayo luseni. Dengu inayowahi mno pale bondeni itafunga kazi ikiwa na maganda machache huku ardhi bado ina maji ya kuitosha wiki kadhaa. Tofauti ya hatua mia mbili kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni inaweza kugeuza sifa ya mbegu kuwa kasoro. Anayeijua tofauti hiyo ni mkulima aliyelima pande zote mbili, na mtafiti aliyekaa naye.

Nchi hii iliwahi kulipia gharama ya kulipuuza jambo hilo, na kwa zao la mafuta. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta baada ya vita, ilianza Mpango wa Karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea, ekari zaidi ya milioni tatu katika hesabu za mwanzo. Matrekta yaliletwa, visiki vya mibuyu vikayavunja. Udongo wa Kongwa ulikuwa mfinyanzi unaokauka kama saruji karanga zikiwa ndani, na mvua hazikufuata ratiba ya ofisi. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walijua yote hayo. Mpango ulifutwa mwaka 1951, na hasara ikakadiriwa kuwa pauni milioni 36. Karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Zinastawi vizuri Tanzania mikononi mwa wakulima wadogo mpaka leo.

Ndiyo sababu suala la sheria haliwezi kuachwa kwa wanasheria peke yao. Kanuni za usalama wa baiolojia za Tanzania ni za mwaka 2009, miaka mitatu kabla ya Doudna na Charpentier kuchapisha kazi yao. Ziliandikwa kwa ajili ya mazao yenye jeni ngeni. Chini yake, mahindi ya majaribio ya GMO yalipandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mnamo Novemba 2018 wizara iliagiza majaribio yasitishwe. Hofu iliyokuwa nyuma ya uamuzi huo si ya kubezwa. Mkulima anauliza kama atalazimika kununua mbegu kila msimu, mbegu itakuwa mali ya nani, na atamweleza nini mnunuzi. Hayo ni maswali ya mtu mwenye akili timamu.

Kenya imelijibu suala la sheria kwa namna yake. Mwaka 2022 mamlaka yake ya usalama wa baiolojia ilitoa mwongozo wa mazao yaliyohaririwa: mwenye mmea hueleza alichokifanya, na ikithibitika kwamba hakuna maandishi ya kigeni yaliyobaki, mmea hushughulikiwa kama mbegu ya kawaida. Nigeria ilitangulia mwaka 2020. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilienda upande mwingine mwaka 2018, ikasema zao lililohaririwa ni GMO. Tanzania haina haja ya kuiga yeyote kati yao neno kwa neno, lakini kukaa bila jibu ni kubaya, maana dengu na choroko huvuka Sirari na Mutukula kila msimu bila kuulizwa jenomu zao.

Umiliki nao una ukweli wake. Hataza kuu za CRISPR ziko Marekani, na tangu 2017 leseni za matumizi ya kilimo zimekuwa zikitolewa kwa pamoja na Taasisi ya Broad na kampuni ambayo baadaye iliitwa Corteva. Utafiti wa vyuo usio wa biashara umeachiwa njia. Siku mbegu inapouzwa ndipo mazungumzo huanza, na mtu asiyejiandaa huingia kwenye mazungumzo hayo akiwa ameshaonyesha mbegu yake yote mezani. Watafiti wanaojiandaa wapo. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Steven Runo na wenzake wanahariri mtama ili mizizi yake isiyaite magugu ya kiduha, adui wa kila shamba linalozunguka ziwa hili. Kituo cha IITA cha Nairobi, chini ya Leena Tripathi, kimehariri migomba dhidi ya virusi. Na tangu 2023 Nairobi ni mojawapo ya mahali ambapo watafiti wa mbegu wa Kiafrika hufundishwa kutumia CRISPR kwa mazao waliyoyachagua wao.

Soko lisisahaulike pia. Mwishoni mwa 2017 India, mnunuzi mkubwa wa dengu za Kanda ya Ziwa, iliweka ushuru wa asilimia 30 kwa dengu zinazoingia, na kufikia Machi 2018 ukawa asilimia 60. Hakuna herufi ya kukata itakayomlinda mkulima wa Kishapu dhidi ya uamuzi wa Delhi. Dengu zaidi zikiliwa Mwanza, Tabora na Dodoma, atakuwa na pa kuegemea. Pengine hapo pana kazi nyingine ya mkasi: watu wengi hukwepa mazao ya jamii ya kunde kwa sababu huchukua mkaa mwingi kuiva na huleta gesi tumboni. Gesi hiyo hutokana na sukari za ukoo wa rafinozi, ambazo utumbo wa mtu hauwezi kuzivunja, bakteria wakazichachusha. Jeni zinazozitengeneza zinajulikana, na kwenye soya zimeshahaririwa.

Kinachosubiriwa sasa kwa dengu ni kidogo kwa maelezo na kigumu kwa vitendo. Mwaka 2021 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kwa mara ya kwanza kwamba CRISPR inafanya kazi katika dengu, wakikata jeni mbili zinazohusishwa na ukame. Walifanya hivyo ndani ya seli moja moja zilizovuliwa kuta zake. Seli hizo hazikukua zikawa mimea. Mimea ya jamii ya kunde ni mikaidi katika hatua hiyo: tishu hukataa kuchipua, au huchipua bila mizizi, na kila aina ya mbegu ina ukaidi wake. Mapishi yaliyofaulu kwa dengu ya India au Australia yanaweza kushindwa kabisa kwa Mwanza 1.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji mkasi wala kibali kipya. Inahitaji chumba safi, taa, chupa za kuoteshea, na mtu mmoja au wawili watakaochukua punje za Mwanza 1 zilizoanza kuota, wazipasue, na kujaribu mchanganyiko mmoja wa homoni baada ya mwingine mpaka kipande kitoe jani, kisha shina, kisha mzizi. Tanzania imekuza migomba na mihogo kwa chupa kwa miaka mingi, Mikocheni na kwingineko, na mafundi wa kazi hiyo wapo. Dengu bado haijapata wa kwake. Huko Kwimba, masika yakiisha, itapandwa tena nyuma ya jembe la ng'ombe, na itachanua kwa kalenda yake ya zamani, herufi zake zote kumi na moja zikiwa mahali pake.